Kidole cha Suleimani

Mikorosho ya Suleimani kule Makote ilikaa miaka mingi bila kupogolewa, maana bei ya korosho ilikuwa haimtii mtu hamu ya kupanda juu ya mti. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa na bei ikachangamka, alichukua panga akapanda kupogoa. Tawi likakatika naye, akaangukia mgongo. Tangu siku hiyo miguu haikumsikia.

Mkewe, Ziada, alimpeleka hospitali alikofika daktari mgeni mwenye mashine ya kupima mishipa ya fahamu. Daktari alimbandika Suleimani nyaya kichwani.

“Mama Faidha,” alimwambia Ziada, “nitaushtua mshipa kwa umeme kidogo. Habari ikifika kichwani, mstari huu wa kwenye kioo utapanda.”

Alianza na mkono.

“Siafu wako wakali, daktari,” Suleimani alisema, na mstari ukapanda.

Kisha daktari akahamia kwenye kifundo cha mguu. Kidole gumba kikaruka. Ziada, aliyekiosha kidole hicho miezi yote kikiwa kimelala tu, alikishika, kikampigapiga kiganjani kama kifaranga.

“Baba Faidha, kinacheza.”

Suleimani alikuwa akitazama dari. “Kwani mguu nao wataanza lini?”

Ziada aligeukia mashine. Mstari ulikuwa umelala. Daktari alirudia tena na tena, haukuinuka.

“Mshipa wa mguuni ni mzima, mama, ndiyo maana kinaruka,” alisema taratibu. “Ila mgongoni njia imekatika. Sidhani kama atatembea tena.”

Akazima mashine. Kidole kikatulia. Ziada aliendelea kukishika, ingawa Suleimani mwenyewe hakujua kama kimeshikwa.