Suti Niliyoitundika Msituni Madaba

Jamani, kuna aibu ya kusimulia na kuna aibu ya kuzikwa nayo, na hii nilishaiweka kwenye fungu la kuzikwa nayo, ila kwa vile mmenikalia kooni tangu asubuhi, basi chekeni mmalize na tusiirudie tena. Ni ile siku niliyokwenda kuposa Madaba nikajikuna mbele ya wakwe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mnaikumbuka, maduka yamejaa ghafla sabuni za kunukia na redio za Dubai, mitumba imemwagwa chini sokoni Songea mpaka mtu wa kawaida anapata suti ya Mzungu marehemu (ndivyo tulivyoamini), na kila kijana wa Lizaboni anajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nauza kwenye duka la mtu. Tajiri wangu alikuwa na pikapu nyekundu, na kwa sababu mara mojamoja nilikaa mbele, nimeshikilia mlango usifunguke wenyewe, nikamwambia msichana mmoja, Felista, kwamba ile pikapu nusu yake ni yangu. Felista alikuja mjini kujifunza ushonaji kwa masista, mpole, akicheka anainamisha kichwa, na nilimpenda, msinitazame hivyo, nilimpenda kweli. Kumbe naye akawaandikia kwao Madaba: mchumba ana gari.

Siku ya posa tajiri akaninyima pikapu, inakwenda Namtumbo kubeba mahindi. Nikasema potelea mbali, tutapanda basi mpaka Madaba, kutoka barabarani ni saa moja unusu tu kwa miguu, nikifika nitasema gari limeharibika njiani. Mshenga wangu, baba mdogo Kastori, akanitazama, akauliza, “Na vumbi je? Aliyeshuka kwenye gari huwa na vumbi mpaka magotini?” Nikamwambia hilo nimeshalipanga. Nimevaa kaptura yangu ya viraka na katambuga za tairi, suti na viatu vimo kwenye mfuko wa rambo, tukikaribia kijiji naingia msituni nabadilisha, natoka kama niliyezaliwa mjini.

Ilikuwa mwezi wa nane, miombo imeanza kutoa majani mapya mekundu, na chini yale makavu yanalia kila ukikanyaga, nami roho haitulii, natazama nyuma, natazama mbele, mtu akitokea najibanza nyuma ya mti kama mwizi wa kuku. Tulipoanza kusikia majogoo ya kijijini nikaingia ndani kidogo. Suti kuitoa, imejikunja yote. Sasa hapa ndipo shetani aliponishika mkono. Badala ya kuivaa hivyohivyo nikaona niitundike kidogo mikunjo ishuke, na palikuwa na mtambaazi umepanda mti, umekauka, unaning'inia vizuri kabisa kama kamba ya kuanikia nguo. Nikatundika koti, nikatundika suruali, nikaenda pembeni kujifuta miguu kwa maji ya chupa.

“Vaa twende,” baba mdogo anaita kutoka njiani. “Watu wanatusubiri!”

“Mikunjo, baba mdogo!”

“Wewe unaoa au unaolewa?”

Nikavaa. Ile kaptura na katambuga nikatia kwenye rambo, nikauficha chini ya mti. Wala sikuutazama ule mtambaazi, mimi mtoto wa Songea niliyemwagiwa upupu darasa la nne nikalia siku nzima, sikuutazama!

Tukapokelewa vizuri, mkeka, viti, togwa, shikamoo kwa wazee mmoja mmoja. Baba yake Felista, Mzee Gervas, akauliza usafiri, nikasema gari limeharibika kule barabarani, fundi yuko nalo. Baba mdogo akakohoa. Basi akaanza yale maneno, ndugu zangu sisi tumekuja kutafuta jiko, na mnajua mwenye kuposa hana kauli, yeye ni kukaa, macho chini, mikono mapajani, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ikaanza shingoni. Nikadhani jasho. Ikashuka mgongoni, ikazunguka kiunoni, ikaingia mapajani na huko kwingine ambako sitaki kutaja mbele za watu, nikahisi nimekalia siafu. Nikajisugua kwa kiti polepole, kiti kikalia kwii. Wazee wakanyanyua macho. Nikakunja mguu, nikaukunjua, nikakohoa ili nipate kushika shingo. Mwisho uvumilivu ukanishinda, nikajikuna kwa mikono yote miwili, na ukishaanza kuukuna upupu, ndugu zangu, huachi.

“Kijana, unaumwa?” akauliza Mzee Gervas.

Hapo ningesema tu, mzee, upupu. Neno moja! Lakini angeuliza, mwenye gari upupu aliupatia wapi? Nikasema, “Malaria, mzee.”

Walikuwa watu wema, na huo wema ndio ulioniua. Nikaletewa blanketi zito, nikafunikwa mpaka masikioni, nikapewa uji wa moto wenye pilipili, eti nitoe jasho. Mimi na suti na upupu na blanketi na jasho! Shangazi yake Felista akanishika paji la uso, akaona mkono, umevimba vipele vyekundu mpaka kwenye kiwiko. Akarudi nyuma. Nikamsikia akimnong'oneza kaka yake, “Huyu si malaria. Tazama ngozi. Vijana wa mjini hawa.” Na miaka ile mnajua tulikuwa tunazika kila wiki kwa ukimwi, vipele havikuwa jambo la mchezo. Mzee Gervas akainamisha kichwa, akamwambia baba mdogo kwa sauti ya chini na ya huruma kabisa, “Ndugu yangu, tumewaheshimu. Ila binti yetu ni mmoja.”

Nikaruka na blanketi langu. “Mzee, mimi mzima! Ni upupu, nimeutoa msituni, ninaapa!”

“Msituni ulikwenda kufanya nini?”

“Kubadilisha nguo.”

“Na gari?”

Nikajikuna.

“Basi tupeleke,” akasema.

Tukaenda, Mzee Gervas nyuma yangu, ndugu zake wawili, shangazi, baba mdogo akitembea mbali nami kama hatujuani, na mimi naruka huku nakwaruza mgongo kwenye kila mti ninaoupita. Walipofika pale hawakuhitaji hata dakika moja. “Upupu huu,” shangazi akasema, akausogeza mtambaazi kwa kijiti, maganda yenye manyoya ya dhahabu yakatikisika, mimi nikarudi nyuma hatua tano. Nikaanza kupumua, angalau nimethibitisha afya. Ndipo ndugu mmoja akaona rambo. Akautoa mfuko, akaifungua kaptura mbele ya wote, viraka vitatu nyuma kama ramani, kisha Mzee Gervas akachukua katambuga, akazigeuza, akazitazama nyayo.

“Na haya ndiyo matairi ya lile gari?”

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka baba mdogo wangu mwenyewe, mshenga, akakaa chini. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Tukarudi. Shangazi akanipa majivu ya jikoni nijisugue, suti ikatupwa kule mbali, nikakalishwa tena kwenye kile kiti na kaptura yangu ya viraka, mweupe kwa majivu kuanzia utosini. Bado nilikuwa na tumaini. Mzee Gervas alisema ugonjwa hakuna, na umaskini kila mtu anao, mwenye neno la mwisho ni binti mwenyewe. Akaitwa Felista. Akaja, akapiga magoti, akaulizwa kama desturi ilivyo, “Mwanangu, mtu huyu unamfahamu?”

Akaniangalia. Hakucheka. Ningefurahi angecheka.

“Baba, ninayemfahamu mimi ana gari,” akasema. “Niliwaandikia hivyo, nikawaapia. Huyu simfahamu.” Akainuka, akaingia ndani, na nikasikia analia.

Hicho kilio ndicho kilichoniwasha zaidi ya upupu, maana upupu uliisha jioni ileile. Sikujua kwamba uongo wangu ulimfanya naye mwongo mbele ya baba yake. Niliandika barua tatu, hazikujibiwa. Mwaka uliofuata nikasikia ameolewa huko huko na mkulima wa mahindi, na wala simlaumu.

Nilipokwenda kuposa mara ya pili, Msamala hapa hapa, sikumwachia mshenga nafasi. Wakwe hata hawajaniuliza chochote nikasimama, nikasema, “Wazee, shikamooni. Mimi nina baiskeli, nayo breki ya nyuma haishiki.” Baba mdogo akanivuta shati nikae, lakini nilikuwa nimeshamaliza.