Nilivyokwenda Rugu kwa Mdogo Wangu Asiyeomba

Nilisafiri kwenda Rugu kwa sababu mdogo wangu hakuniomba. Wengine wote waliniomba. Baba alipiga simu, shangazi akapiga, mchungaji wa kule nyumbani naye akapiga na kusali palepale hewani mpaka salio likamwishia. Novati peke yake ndiye aliyekaa kimya, na mgonjwa ni yeye.

Nieleze kidogo, maana ninyi kina mama wa kikundi chetu hapa Songambele mlinitaka niandike yote, na mmoja wenu alikwishatangaza kisimani kwamba nakwenda kukatwa mguu. Sikatwi mguu. Novati ni kitinda mimba wetu, tumbo moja, baba mmoja. Mwili wake umeacha kutengeneza damu ya kutosha, anaishi kwa kuongezewa ya watu. Madaktari wa hospitali kubwa ya mbali walisema kinachoweza kumponya ni kupandikizwa uloto, ule uboho wa ndani ya mifupa, kutoka kwa ndugu anayelingana naye. Tulipimwa ndugu wote. Kaka zangu wawili hawakulingana naye. Mimi nililingana.

Muuguzi aliyenipa majibu alizungumza nami kwa simu, taratibu, kama mtu anayemimina maziwa kwenye chupa. "Mama, uamuzi ni wako peke yako. Usinijibu leo. Nipigie kabla ya Jumatatu ya wiki ya pili. Lakini nikwambie ukweli. Kabla ya kumpa uloto wako, tutampa dawa za kuua wa kwake wote. Tukishaanza hizo dawa, wewe ukibadili mawazo, yeye hatapona tena. Kama ni hapana, iwe hapana sasa. Hatutamwambia mtu sababu yako."

Mnanijua, mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Kila aliyepiga simu nilimjibu ndiyo, ndiyo, bila shaka, mnaniuliza nini? Ila muuguzi sikumpigia. Nikishika simu nimpigie, naishia kuirudisha mfukoni. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kulazwa usingizi nisiamke, nikawaza watoto wangu watatu na kahawa zilizoanza kuwa nyekundu kibanjani. Na juu ya woga kulikuwa na hasira. Hivi huyu mtoto anadhani uloto wangu ni maji ya mvua, unakinga ndoo tu? Hata neno moja hana?

Ijumaa saa moja asubuhi nilifunga safari. Mume wangu Elisha alinifungia mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki, na kahawa za kutafuna nikazitia kwenye kimfuko, maana siwezi kufika kwetu mikono mitupu. Elisha alibaki na watoto na kazi ya kumkamua ng'ombe wetu, wa uzao wa Gaju. Huyo Gaju nitamfikia.

"Ukirudi na ndiyo, ni mke wangu," Elisha aliniambia. "Ukirudi na hapana, ni mke wangu. Ila waitu, mwenzangu, usirudi na sijui. Wiki nzima ya sijui imenichosha."

Njia ya kwenda Nkwenda ilikuwa kavu, vumbi lake mnalijua. Dereva wa pikipiki, baba mzima mwenye wajukuu, alivumilia mpaka tukapita shule, kisha akashindwa.

"Mama Edina, ni kweli wanatoboa mfupa, wananyonya kwa mrija?"

"Kwa sindano, baba. Hapa nyuma, kwenye nyonga. Angalia mbele, kuna shimo."

Tulilipita shimo. Nkwenda nilipata gari la Omurushaka, na Omurushaka nikashuka kununua sukari na sabuni za wenyeji wangu, kisha nikapanda jingine la kuelekea Nyaishozi. Hapo kote nilijisikia mwanamke shujaa, nimevaa kitenge changu cha sikukuu, nikisema moyoni kwamba nikifika nitamsema Novati mpaka ajute.

Saa saba mchana nilikuwa Nyaishozi kwa Shangazi Koku, dada yake baba, aliyeolewa pale tangu sijazaliwa. Harufu ya supu ilinipokea kabla yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo hapo, usiingie ndani kwanza. Kunywa."

Akaniwekea bakuli. Mifupa ya miguu ya ng'ombe, imepasuliwa kwa shoka, uboho unaelea juu kwa vipande. Nilidhani ni ukarimu. Nilipomaliza, likaja bakuli la pili. Nikamwuliza kulikoni, naye akanieleza kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa.

Ninyi wa migomba hamyajui haya, lakini sisi tuliokulia kwenye ng'ombe tunayajua. Ukimchinja ng'ombe wa kiangazi aliyekonda, ukapasua mfupa wake, ndani unakuta majimaji tu. Ng'ombe aliyeshiba, uboho wake ni mzito, mweupe kama samli. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa umekaa na kuamua kwamba kabla sijachotwa, lazima nijazwe. Walikuwa wamepeana zamu za kuninywesha supu.

"Umekula ndizi miaka kumi na saba," shangazi alisema. "Unafikiri humo kwenye mifupa yako mna nini sasa? Togwa!"

"Shangazi, mbona mifupa yangu haina shida? Nabeba gunia la kahawa peke yangu."

"Gunia si kitu. Kunywa, waitu, tusije tukampa mtoto wetu maji."

Mawe, mama yangu! Nilicheka mpaka supu ikanipalia, naye akasimama pembeni yangu na mwiko mkononi mpaka nilipofikia chenga za mifupa chini ya bakuli. La tatu nilikataa. Nililala pale siku hiyo, tumbo zito, na kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke nikalala fofofo.

Jumamosi saa nne nilifika Rugu. Nikishuka pale kwetu huwa natazama kwanza rweya, zile nyasi zetu zilizo wazi mpaka macho yanachoka, na ng'ombe wenye pembe ndefu wametawanyika huko bila haraka. Baba alikuwa langoni na fimbo yake. Nilipiga goti nikamwamkia. Aliitikia, kisha akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akazunguka nyuma, akanitazama tena, hivyo hivyo anavyotazama ng'ombe mnadani.

"Nyonga unazo," akasema. "Ila shangazi yako amenipigia. Anasema ulikunywa mabakuli mawili tu."

Supu ilikuwa tayari jikoni. Sikubisha.

Novati alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya upenu, amevaa koti na jua linawaka. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kumsema tangu Nkwenda. Yote niliyasahau. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba ndama mabegani kuvuka mto, na sasa alipotaka kusimama anisalimie, alishika ukuta kwanza. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Akasema, "Shikamoo, dada," nikaitikia nikiwa nimegeuzia uso pembeni, nikijifanya natafuta kahawa kwenye kimfuko.

Tukatafuna kahawa. Aliuliza watoto. Aliuliza mvua za Songambele, aliuliza kama ng'ombe wetu anatoa lita ngapi, aliuliza hata bei ya kahawa na yeye hana hata mche mmoja. La uloto hakuligusa. Nilivumilia mpaka adhuhuri, kisha nikalipuka.

"Novati, una kiburi gani wewe? Dunia nzima imenipigia simu. Nimetoka Songambele kuja kukaa mbele yako. Hata kuniomba huwezi?"

Alivuta pumzi kwanza, maana siku hizi hata kuongea kunamchosha.

"Dada, umesahau kwetu? Mtu akija kwa ndugu yake, akakaa, akanywa maziwa, akamwomba ng'ombe, kuna anayemnyima?"

"Hakuna."

"Hata kama ndiye pekee anayekamuliwa pale nyumbani?"

"Hata kama."

"Basi ndiyo hivyo. Nikikuomba, nimekufunga. Utatoa hata kama hutaki, kwa sababu umelelewa hapa. Muuguzi ameniambia na mimi jinsi ilivyo. Zikishaanza zile dawa, hakuna kurudi nyuma. Mimi sitaki kuanza safari hiyo na mtu niliyemfunga. Kama ni hapana, dada, niambie leo, tukiwa tumekaa. Sitakuchukia."

Mdomo wote ule niliokuja nao ukaishia neno moja. Nilimwambia tu, "Naogopa." Akaniambia, "Na mimi." Nikanyanyuka nikaenda zizini kabla sijalia mbele yake. Nililia mbele ya ng'ombe.

Saa kumi na moja jioni, wakati wa kukamua, nilikuwa bado niko pale, na sasa niwaeleze habari za Gaju. Mwaka niliomzaa Edina, maziwa yangu yalikatika mtoto akiwa na wiki tatu. Sikumwambia mtu wa kwetu. Niliona aibu, bibi harusi mpya, wafugaji wameoza binti asiye na maziwa! Sijui habari zilifikaje Rugu. Asubuhi ya siku ya nne nilimwona Novati anaingia uani kwetu, kijana wa miaka kumi na saba, miguu imevimba, anamswaga Gaju na ndama wake. Alikuwa ametembea naye kutoka hapa mpaka Songambele. Alinywa maji, akala ndizi, akasema, "Huyu ni wa mtoto," akarudi zake. Edina yupo kidato cha pili sasa, mnamwona alivyo mrefu.

Nilimkumbuka na ile miguu yake iliyovimba, na woga wangu nikauona umebaki palepale, haujaondoka, ila umekuwa mdogo. Ulikuwa unaenea mfukoni. Nikarudi upenuni, nikakaa karibu na Novati, nikampigia muuguzi, nikaiweka simu sauti ya juu ili naye asikie.

Nilimwuliza maswali matatu. Kwanza, nitaamka? Alisema watanipima mwili mzima kabla, na wakiona hatari kwangu wao wenyewe watakataa. Hakuna usingizi wa dawa usio na hatari kabisa, hakunificha, lakini ni ndogo kwa mtu mwenye afya. Pili, mifupa yangu itabaki mitupu? Alisema kiuno kitaniuma siku kadhaa kama niliyelima peke yangu shamba zima, na uloto utarudi wenyewe ndani ya wiki chache.

"Na la tatu. Hii supu, ni lazima?"

"Supu gani, mama?"

Nikamweleza. Alicheka, Novati akacheka, na baba aliyejidai anachonga fimbo kule pembeni hakucheka hata kidogo. Muuguzi akasema supu haidhuru, ila si hiyo itakayojaza.

"Basi andika ndiyo," nikamwambia.

Sauti yake ikabadilika. "Mama, naomba nikuulize. Kuna mtu amekaa karibu yako anakulazimisha?"

"Aliyekaa karibu yangu," nilisema, "ndiye peke yake ambaye hajaniomba."

Novati alijifunika uso kwa koti. Sikumfunua.

Jumapili baada ya ibada nilianza safari ya kurudi. Baba alinipa chupa ya chai imejaa supu, kwa sababu maneno ya muuguzi aliyasikia na hakuyakubali. Niliipakata chupa hiyo mpaka Omurushaka, na kutoka hapo ndani ya gari nikawa nawaza nitawaambia nini ninyi wenzangu. Nitawaambia hili. Ile ndiyo niliyowapa watu kwa simu haikuwa na kitu ndani, nilikuwa nawanyamazisha tu. Ndiyo yangu niliipata kwa mtu aliyeniachia mlango wa hapana wazi kabisa, na yeye ndiye angekufa kwa hapana hiyo. Kuogopa bado naogopa kidogo. Mwisho wa mwezi tunapanda basi, Novati, Elisha na mimi, na sina shaka kwamba nitakifikia kile kitanda kwa miguu yangu mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni niliteremka Nkwenda. Yule baba wa pikipiki alikuwepo, akaniona, akawasha. Nilikuwa nimeshakaa nyuma yake na chupa yangu mapajani, simu ikaita. Ni Novati.

"Dada, muuguzi umeshamjibu."

"Nimeshamjibu. Ulisikia mwenyewe."

"Basi sasa naweza kuomba."

Nikamwambia dereva azime kwanza, nimsikie vizuri. Tangu tukiwa watoto, Novati hajawahi kuniomba kitu.

"Omba."

"Naomba usipande pikipiki mpaka siku ile."

Dereva aliyasikia, akaapa kwamba ataendesha polepole, atayakwepa mashimo yote anayoyajua. Nilimshukuru. Kutoka Nkwenda mpaka Songambele kwa miguu si karibu, na jua lilikuwa linashuka, na viatu vyangu vilikuwa vya kanisani. Lakini mdogo wangu alikuwa ameniomba, na kwetu ukiombwa hivyo hunyimi.

Nikashuka.