Lumbesa ya Diski Saba

Kisa hiki kimegharimu miaka miwili ya hesabu, na hesabu zenyewe si zangu. Ni za shemeji yangu Upendo, mdogo wa mke wangu, anayesomea fizikia chuo kikuu.

Alikuwa akikokotoa kwa kompyuta jinsi mwanga wa leza unavyopinda ndani ya kioo chenye joto. Kompyuta ya chuo ilipotakiwa kufutwa apewe mwingine, aliyabana matokeo yote kuwa faili moja, akaligawa kwenye diski saba. Akaziacha kwenye duka langu la kuchapa, Makambako, akaenda Mjimwema kumwona mama yake.

Nilizihesabu mara mbili, ndiyo tabia yangu. Sita zilijaa pomoni, ya saba ilikuwa na kijisehemu tu. Sisi tuliouza viazi tunajua: gunia likishajaa, kinachorundikwa juu ni lumbesa, chake aliyebeba. Nikaifuta ile ya saba, nikahifadhi humo orodha ya waalikwa wa harusi ya mteja.

Jumatatu Upendo alirudi, akakaa kwenye mashine. Ikamwomba diski ya mwisho.

"Kwani haianzi na ya kwanza?" nikauliza.

"Shemeji, ya mwisho ndiyo yenye orodha ya vyote vilivyomo. Bila hiyo, hizi sita ni plastiki."

Akaiingiza, akaifungua, akasoma polepole: "Alhaji na familia. Mama Zuhura na mumewe... Shemeji, hawa wanatafuta nini kwenye leza yangu?"

Tangu siku hiyo hanisalimu. Ndugu wasomaji, kilichofutwa hufufuliwaje? Nishaurini.