Sketi ya Uji wa Muhogo

Binti yangu anajifunza dansi za zamani hapa Iringa mjini, zile za kuzungushana mpaka sketi inafunguka kama mwavuli. Leo ameiloweka yake kwenye uji wa muhogo ili ikauke ngumu, na ile harufu imenirudisha utotoni.

Kwetu Igowole, shangazi alinishonea sketi kama hiyo kwa pazia la mtumba, nikacheze kwenye harusi ya baba mdogo. Shangazi alikuwa ameachika pwani, akarudi na begi moja na ufundi wa huko wa kutia nguo uji.

"Wifi, huku ni baridi na ukungu tu," mama alimwambia. "Hiyo haikauki."

"Itakauka, wifi. Watu wataona."

Haikukauka. Ilichachia kwenye kamba, ikaota madoa ya kijani. Shangazi akaipiga pasi ya mkaa hivyo hivyo, ikatoa mvuke wa pombe iliyolala, akanivika. Uchafu mtupu! Upande mmoja ulikwaruza kama gamba, upande mwingine ulinata mapajani kama kamasi.

Nilipozunguka, sketi ilisimama kweli, na mabaki ya uji yakarukia sahani za wageni. Bibi mmoja akatema wali kiganjani. Matapishi yalinifika mdomoni, nikayameza.

Watu walivuta viti nyuma, wameziba pua. Shangazi peke yake alisimama akipiga makofi. "Mmeona? Imesimama!"

Nikazunguka tena.