Bi Dobi na Barua Iliyolowa

Alizaliwa mwaka 1931, mtoto wa tatu wa mtengeneza ngozi, katika kabila dogo ambalo sisi tulio wengi tulizoea kuliita "wale". Hatukula nao wala hatukuoana nao, na kanisani walisimama nyuma, karibu na mlango. Amri haikuwapo, macho yetu yalitosha. Mama yake alimfundisha sala kwa lugha yao. Alipotimiza miaka kumi na minne aliajiriwa kufua nguo katika hospitali ya masista, na huko akapata jina alilokufa nalo, Bi Dobi. Kusoma alijifunza kwenye majina yaliyoshonwa kwenye kola za wenye nguo.

Mwaka 1950 aliomba kupokewa utawani. Mama Mkuu alitaka maoni ya parokia, na karani wa parokia wakati huo ndiye mimi niandikaye haya. Wazee wa kanisa walinieleza la kusema, lakini mkono ulikuwa wangu. Niliandika kwamba binti ana tabia njema, ila wenzake wataona tabu kula naye meza moja. Akajibiwa kwa upole kwamba wakati bado, asiambiwe sababu. Wiki ile ile aliloweka kanzu ya Mama Mkuu, akahisi karatasi mfukoni, ile barua yangu. Aliisoma akiwa amesimama kwenye karo la kufulia. Kisha akaianika, akaipiga pasi, akairudisha mfukoni pamoja na kanzu safi. Mama Mkuu alipoikuta alielewa. Dobi mwenzake, mama mtu mzima, alimshauri aondoke, maana hapo hapana heri tena. Akamjibu, "Mama, shuka za wagonjwa hazikuandika barua." Akabaki miaka ishirini na minne.

Mwaka 1974 homa mbaya iliingia mjini. Wahudumu walikimbia, na ndugu waliwaacha wagonjwa getini; mimi pia niliachwa hapo na wangu. Bi Dobi aliacha karo akaingia wadini, akawa anawafua watu badala ya nguo. Mchana mmoja alinikuta nimejichafua, sina nguvu ya kugeuka. Mikono ile ambayo niliandika kwamba haifai mezani ilinisafisha kama mama amsafishavyo mtoto. Sikuweza kumtazama. Nikamwambia kwamba ile barua niliandika mimi.

"Najua, kaka," akasema. "Mwandiko wako ninaujua, wewe ndiwe uliyekuwa ukiandika matangazo ya ubatizo. Nimekuombea tangu siku ile. Haya, geuka nikuoshe mgongo."

Niligeuka, nikalia ukutani.

Kati ya wagonjwa arobaini na mmoja wa wadi ile, walikufa watatu. Daktari alisema ni sabuni na maji ya moto. Sina ugomvi naye. Nasema tu kwamba wadi ya jirani ilikuwa na sabuni ile ile, na ilizika kumi na tisa. Baada ya hao watatu, wa mwisho kufa kwetu alikuwa yeye mwenyewe, kwa homa ile ile, tarehe 9 Agosti. Masista walimzika katika makaburi yao, wakamvika kanzu waliyomnyima akiwa hai.

Sasa tunamwita "wetu". Picha yake imetundikwa, wageni wanaletwa kuiona, nasi tunatembea vifua mbele. Katika kumbukumbu yake ya kwanza padri aliomba mmoja wetu aongoze sala kwa lugha ya marehemu. Kanisa zima likainamisha vichwa. Tuliishi nao miaka yote, wala hatukujua hata "Baba yetu" yao. Hatimaye kaka yake, mtengeneza ngozi, akasali kutoka kule mlangoni, taratibu, bila kutusuta. Tuliitikia Amina kwa maneno tusiyoyaelewa.

Basi, anayetaka kumwiga asianze na mshumaa. Aende kwa jirani yake, amwulize kwao husalimianaje, na akikosea matamshi, akubali kuchekwa.