Waya wa Mwalimu Komba

Juzi nilimwona fundi juu ya bati la Mwalimu Komba, anafunga waya wa kukinga radi. Nikacheka kwa dharau, na huu mkono wangu uliopooza.

Tulikuwa watoto, huko Matiri. Asubuhi alitufundisha vitu vinavyopitisha umeme, mchana akatupeleka kwake kuanua kahawa kwenye vichanja vya waya. Udongo ulinukia mvua, radi zikaanza kunguruma. Rafiki yangu Osmunda, aliyeuliza kila kitu, hata nyota zimeshikiliwa na nini, akasema, "Mwalimu, waya huu si utapitisha radi?"

"We mtoto, hayo ni ya mtihani. Toa kahawa yangu isilowe!"

Tukashika vichanja. Mwanga ukapasuka. Nilipozinduka palinuka nywele zilizoungua, na Osmunda amelala chini. Nikadhani anakwepa kazi.

Msibani, mwalimu yule yule akawaambia wazee kwamba radi ile imetumwa, wakamuulize bibi yake Osmunda. Msomi huyo! Wakamchomea bibi wa watu nyumba, akakimbilia Tingi kabla hata mjukuu wake hajazikwa.