Mkono Kwanza, Mdomo Baadaye

Mtaa mzima ulimwita Mama Pole, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuunga mifupa. Ukimpelekea mguu uliovunjika, analia yeye kabla yako. Na alikuwa na sharti lake: mkono kwanza, mdomo baadaye. Anafumba macho, anapapasa mfupa, ndipo anauliza kulitokea nini, maana watu huongopa.

Aliyemvunjisha sharti ni mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, aliyemlea mgongoni tangu mama yao alipofariki. Jioni moja aliingia kaukumbatia mkono, uso vumbi tupu. Mama Pole hakupapasa kitu.

"Nani kakufanya hivi, baba?"

"Wale wa ng'ambo ya reli. Fundi bati na wenzake."

Basi, yakawa hayo. Wa ng'ambo ya reli walihamia juzi tu, na Mama Pole alishasema hao hawaumwi kama sisi. Huruma yote ile, jamani, ilikuwa inaishia relini. Alinyakua mchi wa kinu akatoka analia kwa sauti. Majirani kumwona vile, wakabeba mawe na mapanga.

Fundi bati alikuwa anakunja ukingo wa ndoo. Aliinua mkono kukinga kichwa, mchi ukashuka. Mama Pole aliusikia mfupa ukikatika, akapiga tena, na tena, huku majirani wakimkanyaga mke wa fundi mlangoni.

Nyumbani, jasho halijakauka, akafumba macho na kuushika mkono wa mdogo wake. Kilichovunjika ni kifundo cha mkono. Aliyejikinga kipigo havunjiki hapo. Hapo huvunjika aliyeanguka akajishika chini kwa kiganja.

"Umeangukia wapi?"

"Ukutani kwa yule mwanamke wa mtaani kwetu uliyenikataza. Mumewe alirudi ghafla, nikaruka. Dada, niliogopa utanigombeza."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Asubuhi alivuka reli na magango yake ya kufungia mifupa. Fundi bati alikuwa kalala chini, mkono umevimba hadi vidoleni.

"Niache niuunge, kaka yangu. Ukipinda, nyundo hutaishika tena."

"Acha upinde."

Mama Pole akaangua kilio.

"Usilie humu ndani," alisema mke wa fundi, kichwa kimefungwa kitambaa chenye damu. "Kilio chako ndicho kilichotuletea watu."

Akarudi na magango yake. Mkono ulipinda.